Povu ni maji: kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja mjini Kigoma

Marehemu mjomba wangu alinyoa watu Ujiji, kwenye kibanda cha bati cha hatua nne kwa nne, na pembeni mwa kiti chake palikuwa na mapipa mawili. La kwanza lilikuwa la maji ya bomba, ambayo mjini kwetu ni maji ya ziwa. La pili lilikaa chini ya mchirizi wa bati, likiwa na kifuniko. Kunawa mikono, kufulia vitambaa, kumwagia vumbi mlangoni, alichota pipa la kwanza. Kuchapa povu la mteja alichota la pili, na kiangazi kilipokaza alipima kwa kikombe. Sisi wapwa tulidhani ni mazoea tu ya mtu mzima, mpaka nilipoanza kujinyoa kwa wembe wake nikaona kwamba sabuni ile ile, nikiichapa kwa maji ya bomba, povu lake linakauka shavuni kabla sijafika kidevuni.

Wembe ninaousema ni ule wa zamani: kipande kimoja cha chuma chenye mgongo mnene na makali membamba, kinachokunjwa na kuingia ndani ya mpini wake. Vijana wanaonijia na wembe wa namna hii huwa na malalamiko matatu. Unavuta ndevu badala ya kuzikata, shingo inawaka, na baada ya siku mbili tatu vipele vinachomoza. Wote wanaanza kwa kuulaumu wembe. Wananunua kinoo, wanaunoa upya, wanarudi na malalamiko yale yale. Kwangu mimi cha kwanza kuchunguzwa ni maji: yaliyoingia ndani ya unywele, yaliyoshikwa na povu, na yaliyotoka bombani. Wembe unafuata nyuma.

Unywele wa ndevu umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilichojenga kucha. Aliyewahi kukata kucha baada ya kufua beseni mbili za nguo anaijua tofauti: kucha kavu inaruka kwa mlio, kucha iliyoloa inakatika kimya. Unywele nao ni hivyo hivyo. Ukipewa muda hunywa maji mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake, unavimba, unalainika, na nguvu ya kuukata inapungua sana. Ila muda huo lazima utolewe. Dakika mbili hadi tatu za maji ya uvuguvugu, kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa kidogo, ndizo zinazofanya kazi. Na kabla ya hapo uso uoshwe kwa sabuni ya kuogea, kwa sababu mafuta ya ngozi yamevaa kila unywele kama koti na maji hayapenyi vizuri. Anayejirashia maji usoni mara moja kisha akashika wembe amelowesha ngozi, ndevu bado ni kavu.

Shida ni kwamba maji hayatulii usoni. Mengine yanatiririka shingoni, yanayobaki yanakaushwa na upepo. Hapo ndipo povu linapoingia, na hapo ndipo wengi wanapokosea kulielewa. Wanadhani povu ni la kutelezesha wembe. Linatelezesha kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki juu ya unywele muda wote wa kunyoa. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya vifuko vyenye kuta za maji, na sabuni ndiyo inayozuia kuta hizo zisipasuke. Vifuko vikiwa vikubwa, kama povu la beseni la kufulia, unaona povu jingi lakini maji yaliyomo ni kidogo, na ukiligusa linatoweka. Vifuko vikiwa vidogo hata jicho lishindwe kuvitenganisha, povu linakuwa zito kama mtindi uliopigwa, linang'aa, na kila kijiko chake kimebeba maji ya kutosha. Hilo la pili ndilo la kunyolea.

Ni sabuni gani inayotoa povu la namna hiyo? Swali hili tungepaswa kulijibu vizuri kuliko watu wa mikoa mingine, maana Kigoma ni nchi ya michikichi na sabuni inapikwa majumbani. Tunda la mchikichi lina mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje inatoa mawese, mekundu; kokwa la ndani linatoa mise. Mafuta haya hayafanani hata kidogo yakifika kwenye sabuni. Karibu nusu ya mise ni asidi ya lauriki, ambayo inatoa povu haraka, jingi, la vifuko vikubwa, na inakausha ngozi. Mawese yana zaidi asidi ya palmitiki na oleiki. Povu lake linachelewa kutoka na linaonekana dogo, lakini likishatoka ni zito na halikimbii. Sabuni nzuri ya kunyolea inataka vyote viwili, mise kidogo ya kuanzisha povu na mawese mengi ya kulishikilia. Viwanda vinavyotengeneza sabuni za kunyolea huongeza asidi ya steariki, ndugu yake palmitiki, kwa sababu hiyo hiyo ya kulishikilia.

Kuna na upande wa magadi. Kostiki soda inayotumiwa na wapishi wengi wa sabuni ni ya sodiamu, na inatoa sabuni ngumu inayofaa kukatwa miche. Ikipikwa kwa potasiamu badala ya sodiamu, sabuni inakuwa laini kama marhamu na inayeyuka majini upesi zaidi, ndiyo maana krimu za kunyolea zinapikwa kwa potasiamu na sabuni nyingi za kunyolea zinachanganya zote mbili. Majivu ya kuni na ya maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi. Ndiyo sababu sabuni zinazopikwa kwa maji ya majivu huwa laini, hazisimami kama mche.

Sabuni ya kupikwa nyumbani ina sifa moja ninayoipenda sana. Mafuta yanapokutana na magadi hutoa sabuni na gliserini kwa pamoja, na gliserini ni kitu kinachovuta maji. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa na kuiuza peke yake. Mpishi wa nyumbani anaiacha humo humo, na usoni unaisikia. Lakini sabuni ya nyumbani iliyopimwa vibaya ina magadi yaliyobaki bila kukutana na mafuta, na hayo yanaunguza. Usiitumie usoni ikiwa bado mbichi. Iache kwenye rafu yenye hewa wiki nne hadi sita, kisha ijaribu kwanza ndani ya kiwiko. Ikiwasha hapo, itawasha zaidi shingoni. Mche wa kufulia mimi siuweki usoni kabisa; umetengenezwa kupambana na kola ya shati.

Turudi kwenye mapipa ya mjomba. Ziwa Tanganyika linapoteza maji yake mengi kwa jua kuyakausha, na mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoelekea Kongo. Maji yakipanda hewani chumvi zinabaki nyuma. Ndiyo maana maji ya ziwa letu yana ualkali, pH yake ikikaribia 9, na yana magnesiamu nyingi, nyingi kuliko hata kalsiamu. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyoyafanya maji yaitwe magumu. Sabuni ikiingia kwenye maji magumu, haianzi kutoa povu. Inaanza kushikana na magnesiamu na kalsiamu na kugeuka ukoko mweupe usioyeyuka, ule unaoganda kwenye kingo za beseni. Mpaka magnesiamu hiyo imalizwe, kila sabuni unayoiongeza inaliwa. Inayobaki baada ya hapo ndiyo inayotoa povu, na ule ukoko uliokwisha kuzaliwa unaendelea kuzivunja kuta za vifuko. Maji ya mvua hayana madini hayo, kwa hiyo sabuni yote inakwenda kwenye povu.

Asiyeamini achukue chupa mbili ndogo zinazolingana. Moja atie maji ya mvua, nyingine ya bomba, robo chupa kila moja. Akwangue sabuni kiasi cha ukucha wa kidole kidogo aweke katika kila chupa, atikise kwa kuhesabu mpaka 30, kisha aziweke mezani akanywe chai. Akirudi aangalie povu lililosalia na rangi ya maji yaliyo chini yake. Niliwahi kulifanya hili mbele ya kijana aliyekuwa amenunua sabuni tatu tofauti ndani ya mwezi mmoja akitafuta inayotoa povu. Aliitazama chupa ya maji ya bomba, ukungu mtupu, akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

Kuchemsha maji ya bomba kunasaidia kidogo. Sehemu ya kalsiamu inaganda kwenye sufuria, lakini magnesiamu hubaki kwa sehemu kubwa. Wapo wanaokamulia ndimu. Hilo silishauri, kwa sababu asidi inaivunja sabuni na kuirudisha kuwa mafuta, na tone moja la ziada linaua povu lote bakulini. Asiye na maji ya mvua aongeze sabuni, mara moja na nusu hata mara mbili ya kawaida, na akubali kuchapa kwa muda mrefu zaidi.

Kuchapa kwenyewe kunataka subira kuliko ufundi. Burashi iloweshwe dakika mbili, ikung'utwe, kisha izungushwe juu ya sabuni nusu dakika mpaka ncha zake zibebe uji mzito. Hamia kwenye bakuli, zungusha, na ongeza maji kwa matone, vidole vikichovywa na kukung'utwa, si kwa kumimina. Mwanzoni utaona vifuko vikubwa. Endelea. Ndani ya dakika moja au mbili vitakatika kuwa vidogo na povu litaanza kung'aa. Ukiinua burashi povu lisimame na ncha yake iiname kidogo. Likisimama wima kama pamba bado ni kavu, na hilo ndilo kosa la watu wengi zaidi: povu kavu linapendeza kulitazama, kumbe halina maji ya kumpa unywele. Liongezee matone matatu. Likianza kutiririka umezidisha, ongeza sabuni.

Kuhusu burashi, kwa wasomaji wa Ujiji na wengine wanaojali: burashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe. Uliza kabla ya kununua. Zipo za nyuzi za kutengenezwa viwandani, ambazo hukauka haraka na kwa maoni yangu zinatosha kabisa, na zipo za nywele za farasi. Aliyekosa zote achape povu bakulini kwa kipande cha dodoki laini, kisha alipake kwa vidole akilisugua kinyume na nywele zilikolala ili ziinuke.

Mjomba alikuwa na mpangilio mmoja ambao nimeuelewa nikiwa mtu mzima. Alipaka povu kwanza, ndipo akageuka kushughulikia wembe kwenye ukanda wa ngozi ulioning'inia mlangoni. Wateja waliona kama anachelewa, mtu ameshapakwa na kinyozi bado anapitisha wembe huku na huku akiuliza habari za dagaa. Kumbe ukanda ndio uliokuwa saa yake. Mipitisho 30 au 40 ya taratibu ni zaidi ya dakika moja, na katika muda huo ndevu zinakunywa. Akirudi analipitishia povu burashi yenye maji kidogo, kisha ananyoa.

Ukanda wenyewe haunoi. Makali ya wembe baada ya kunyoa huwa yamepinda pinda kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, na ngozi inayanyoosha. Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata. Ukitanguliza makali umeukata ukanda na umeuharibu wembe. Mwisho wa ukanda wembe unageuzwa kwa kubingirika juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali. Mkanda wa suruali wa ngozi halisi, mpana na usio na nakshi, unafaa. Kinoo ni mambo ya kila baada ya miezi kadhaa, na hapo mgongo na makali vyote vinalala juu ya jiwe kwa pamoja, maana unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali. Anayeinua mgongo akidhani anaongeza ukali anatengeneza kisu cha mbogamboga.

Pembe ya kunyolea ni karibu nyuzi 30. Kuipima ni rahisi: mgongo uinuke kutoka kwenye ngozi kwa kiasi cha unene wake mara mbili. Wembe wa upana wa milimita 16 huwa na mgongo wa karibu milimita 4, kwa hiyo unauinua milimita 8. Ukilaza zaidi unavuta, ukiinua zaidi unakwangua na kukata. Ngozi ivutwe kidogo kwa mkono wa pili, michoro iwe mifupi ya sentimita mbili tatu, na wembe usikandamizwe. Uzito wake wenyewe unatosha. Ukiona unalazimika kukandamiza, simama ujiulize mambo mawili kwa mpangilio huu: povu limekauka? Makali yamechoka? Anza na shavu, karibu na sikio, mahali palipo tambarare. Kidevu na juu ya mdomo viache mwisho, kwa kuwa huko ndevu ni nene na zinahitaji kuloa muda mrefu zaidi.

Sasa vipele, na hapa naomba msomaji asikimbie, maana ndiyo sababu ya watu wengi kuutupa wembe. Unywele wetu unajikunja. Ukiukata usawa wa ngozi, unaota na kutoka nje kama kawaida. Lakini ukiivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume na nywele zilikolala, wembe unauvuta unywele nje kidogo kabla ya kuukata, na ukishakatika unarudi ndani, chini ya uso wa ngozi, ukiwa na ncha kali kama mkuki. Unapoota tena unajikunja na kuchoma ukuta wa tundu lake. Mwingine unatoka nje, unapinda, na kuingia tena pembeni. Mwili unauona kama mwiba, unaupiga vita, na hicho ndicho kipele. Kwa hiyo kile ambacho wauzaji wa nyembe wanakisifu, uso laini kama wa mtoto, kwa mwenye ndevu za kujikunja ndicho chanzo cha ugonjwa.

Msimamo wangu ni huu: nyoa kwa kufuata nywele zinakolala, mara moja, na ukitaka zaidi paka povu upya na upite mkingamo kwenye mashavu pekee. Kinyume usiende. Shingoni kwanza ipapase kwa vidole siku ambayo hujanyoa. Upande ambao mkono unateleza ndiko zinakolala, na usishangae ukikuta shingoni zinalala kwenda juu au kwa pembeni, tofauti na mashavu. Ngozi ivute kiasi cha kuondoa makunyanzi tu. Kesho yake jioni ukijipapasa utahisi ndevu zinakwaruza. Ziache. Ngozi isiyo na vipele ni bora mara mia kuliko siku moja ya ulaini. Mwenye vipele tayari aache wembe wiki tatu mpaka nne, apunguze kwa mashine akibakiza milimita moja hivi, na akiona usaha au makovu yanayovimba aende hospitali. Hayo povu haliyatibu.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi. Kwenye mkwaruzo gusisha kipande cha shabu kilicholoweshwa, kinakaza ngozi na kuzuia damu. Wembe ukaushwe palepale, upitishwe mara chache kwenye ukanda kuondoa unyevu, kisha upakwe tone la mafuta ya cherehani, maana hewa ya ziwani inauotesha kutu kwa usiku mmoja. Usipake mawese, yanaganda na kunata.

Na wembe wa namna hii ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili siku saba, UKIMWI nao unajulikana, na kuupangusa wembe kwa kitambaa hakuondoi chochote. Dawa kali za kuulia vijidudu, kama jiki, zinakula chuma. Wateja wa kudumu wa mjomba walikuwa na nyembe zao, kila mmoja kwenye mfuko wake wa kitambaa, wengine wote aliwanyoa kwa kiwembe kipya kilichofunguliwa mbele yao. Burashi na ukanda vifuate sheria hiyo hiyo.

Limebaki suala la kiangazi. Kunyoa mara moja hakuhitaji maji mengi ya mvua. Kulowesha uso na kusuuza wembe fanya kwa maji ya bomba. Ya mvua ni ya povu tu, nusu kikombe, tuseme mililita 125. Anayenyoa mara mbili kwa wiki anatumia robo lita. Kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi mvua zinaporudi Oktoba ni wiki 20 hivi, yaani lita 5. Mvua ya Aprili ikishaosha bati vizuri, kinga dumu moja la lita 5, chuja kwa kitambaa, funga kifuniko, liweke kivulini.